Digitakt, MPC ao Volca mbili? Jibu kwa mudogo wa Katuba

Mudogo mmoja wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: "Yaya, jambo. Mimi napigaka piano mu kwaya. Laptop yangu ya kutengeneza beat iliungua, umeme ulirudi na nguvu usiku. Nimeweka dola 600. Nataka mashini ya kufanya muziki wa elektroniki bila kompyuta, nichanganye na ngoma zetu, siku moja nipige live. Mmoja anasema nunua MPC, mwingine anasema Digitakt, na kuko kijana anataka kuniuzishia Volca mbili na Pocket Operator pamoja. Ninunue ngapi, na nizifunge pamoja namna gani? Piano yangu ya zamani bado iko."

Mudogo wangu, pole sana kwa laptop, umeme wa namna hiyo umeshaniulia vitu mimi pia. Mwenye pesa mfukoni hana subira, kwa hiyo naanza na jibu: nunua mashini moja tu, Digitakt ya kwanza ya Elektron (inarekodi sauti na kuzipiga kwa mdundo), ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, na pesa itakayobaki uiweke mu kebo na mu umeme. Mashini ya pili usinunue kwa sababu iko kwako tayari, ni ile piano, nitakuonyesha. Kama kwenu umeme hautaki kabisa, yaani unashinda siku tatu bila kitu, basi chukua Circuit Tracks ya Novation maana iko na betri yake ndani na inachajiwa na USB-C kama simu. Sasa nikueleze, usinunue kwa kuniamini tu.

Watu wakitaka gruvuboksi, yaani mashini ya kutengeneza beat bila kompyuta, wanauliza iko na sauti ngapi, iko na skrini kubwa namna gani, nani anaitumia YouTube. Mimi naulizaga kitu kimoja kwanza: inajua kuhesabu 12 na 16 kwa wakati mmoja? Hizi mashini nyingi zilizaliwa kwa ajili ya house na techno, ndiyo maana zina vitufe 16 vimepangwa mustari, kila kitufe hatua moja, hatua nne kwa pigo moja, mapigo manne, basi. Jina lenyewe gruvuboksi Roland walilitoa 1996 na MC-303, lakini ule mustari wa 16 ni wa zamani zaidi, TR-808 ya 1980 ilikuwa nao tayari. Rumba inakaa vizuri mle ndani. Piga hatua ya 1, 4, 7, 11 na 13 kwenye kitufe chenye sauti ya fimbo, utasikia klave, ule mdundo wa mapigo matano, mtu yeyote wa hapa kwetu kichwa kitaanza kutingika.

Lakini ngoma zetu zote hazikai mu 16. Chukua kijiko sasa hivi, hesabu mpaka 12 bila kusimama, piga kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12, halafu mguu upige chini kwenye 1, 4, 7 na 10. Rudia mara kumi. Ile kengele unaijua, umeisikia kwa matanga na kwa harusi mbele hujajua kusoma, wala hakuna aliyekufundisha. Sasa jaribu kuiingiza mu mashini inayojua 16 tu. Itakulazimisha kusukuma kila pigo kidogo huku kidogo kule, na mwishowe kengele inatoka imenyooka kama mtu anayetembea na mguu wa gipsi. Nimesikia vijana wengi wenye kipaji wanatoa muziki wa hivyo, na shida si masikio yao, ni mashini imewahesabia vibaya na wao wakaifuata.

Kwenye Digitakt unafanya hivi. Unaingia kwenye ukurasa wa SCALE, unabadilisha ihesabu kwa kila traki (mustari wa sauti moja) peke yake badala ya paterni nzima (traki zote zinazozunguka pamoja). Traki ya kik (ngoma nzito ya chini) unaiacha hatua 16, spidi 1X. Traki ya kengele unaipa urefu wa hatua 12 na spidi ya 3/4X. Hatua 12 zinazotembea kwa robo tatu ya mwendo zinamaliza safari sawasawa na hatua 16 za mwendo wa kawaida, kwa hiyo kila ba zote mbili zinarudi pamoja kwenye moja. Kik inapiga house, kengele inapiga ya babu, na hazigombani. Siku ya kwanza nilipozisikia zote mbili zimeingia nilizima taa nikakaa tu nasikiliza, beat ya sekunde mbili inazunguka saa nzima.

Circuit Tracks pia inaweza: urefu 12, sync rate (mwendo wa hatua) unaweka 1/8T kwa paterni ile tu. Electribe za Korg zina 8 Tri na 16 Tri (hesabu za tatu tatu) lakini ni kwa paterni yote, traki zote zinahama pamoja, huwezi kugawanya. Volca, zile mashini ndogo za Korg, unaweza kuzima hatua nne zibaki 12 lakini mashini yote inakuwa 12, na hatua zenyewe zinabaki za mwendo ule ule wa 16. Pocket Operator usiiulize hata. Njo maana lile fungu la kijana wako mimi sioni faida yake kwako: unapata mashini tatu, zote tatu zinahesabu namna moja, na utakuwa na betri 14 za kutafuta kila wiki maana kila Volca inakula sita kubwa na Pocket Operator mbili ndogo. Si mashini mbaya. Volca Bass ina osileta tatu za analogi na kwa bei yake inatoa besi nene kabisa, mwakani kama yule kijana anakubali kutenga, chukua hiyo peke yake. Ila mashini tatu zenye udhaifu mmoja hazifanyi mashini moja yenye nguvu, zinafanya meza iliyojaa kebo.

MPC One ya Akai ni mashini kubwa kweli. Ilitoka 2020 kwa dola 699 huko Marekani, skrini ya inchi 7, unagusa kama tableti, na kwa mtu anayepiga kwa vidole kama wewe pedi zake ni tamu. Swing yake (kuchelewesha mapigo kidogo ili mdundo uyumbe) ni urithi wa Roger Linn, yule aliyetengeneza MPC60 ya 1988 pamoja na Akai: 50% ni mustari umenyooka, 66% ni tripleti kamili (pigo limegawanywa tatu), na utamu wote uko hapo katikati. Ukipiga sebene jaribu 54 mpaka 58 kwa haihati peke yake, gitaa na kik uviache vimenyooka, utaniambia. Lakini mudogo, umesema unataka mashini bila kompyuta na MPC njo kompyuta, iko na menyu ndani ya menyu, mtu anashinda siku nzima anapanga mafaili. MPC One haina betri, na 600 yako haifiki ukihesabu usafiri na forodha. Ningekuwa na mtu anayetaka kutengeneza nyimbo nzima na sauti za waimbaji ndani ningemwambia MPC bila kufikiri mara mbili. Wewe umesema ngoma na live.

Kuko na moja hukuitaja, EP-133 ya Teenage Engineering, ilitoka 2023 kwa dola 299, maiki iko ndani, spika ndani, betri nne ndogo. Kama ungekuwa na 300 tu ningesema chukua hiyo ulale vizuri. Una 600, twende mbele.

Digitakt ya kwanza ilitoka 2017, na tangu Digitakt II ilipotoka 2024 watu wa Ulaya wanauzisha zile za kwanza, bei imeshuka. Kama uko na ndugu Ubelgiji anayekuja kwa likizo njo njia nzuri, inaingia mu sanduku la mkononi bila shida. Mwambie mbele ya kulipa aiwashe, abonyeze vile vitufe 16 kimoja kimoja aone kama kuna kinachopiga mara mbili, azungushe kila kitufe cha kuzunguka polepole aangalie namba kama zinaruka kwenda nyuma, asikilize kushoto na kulia, halafu arekodi kitu kupitia matundu ya INPUT. Akikataliwa kujaribu, aondoke. Kama ni ya kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mizigo, uliza bei ya forodha mbele mashini haijatoka ilipo, siyo kisha.

Ina traki nane za sauti, zote mono. Watu wanalia juu ya mono, mimi nakuambia spika za kanisa letu na za baa ni mono pia, ngoma ni mono, usijali. Projekti moja inabeba MB 64 za sampo (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) na diski ya ndani ni GB 1, kwa ngoma na vipande vya sauti hutaimaliza haraka.

Kurekodi ngoma sasa, hapa ndipo nataka usome polepole. Digitakt haina nguvu ya maiki, matundu yake yanataka sauti iliyokwisha kuwa kubwa. Tumia simu. Nenda siku ambayo hakuna mvua, mlango umefungwa, weka simu mbali na ngozi kama kiganja kimoja na nusu, isikae mbele ya tundu la chini maana upepo unatoka pale unaua maiki. Mpigaji apige mapigo manne tofauti, kila moja peke yake na anyamaze mpaka sauti iishe kabisa: katikati, pembeni, kiganja kimelala, na kile cha kubana na mkono wa pili. Kila pigo arudie mara tano kwa nguvu tofauti. Usimwambie apige mdundo. Mdundo utaupiga wewe kwa mashini, ukichukua mdundo wake mzima utafungwa na tempo yake. Kisha toa sauti ya simu kwa tundu la ekuta (earphone), kebo mpaka INPUT ya Digitakt, rekodi, halafu fanya kitu ambacho wengi wanaruka: kata ukimya ulioko mbele ya pigo. Ukiacha hata kipande kidogo, milisekunde 20 tu, ngoma yako itakuja imechelewa kila mara na hutajua kwa nini beat inavuta miguu. Vuta picha ya wimbi karibu kabisa, sogeza START mpaka igusane na mahali ngozi inaanza kutetemeka. Nilipoteza wiki mbili nasukuma hatua mbele na nyuma kwa paterni moja, kumbe kosa lilikuwa mu sampo yenyewe.

Sasa kufunga pamoja. MIDI, lugha ya vyombo kuambiana noti na tempo, iko tangu 1983 na mpaka leo haijabadilika sana, njo uzuri wake, piano yako ya zamani na mashini ya jana zinasikilizana. Mashini moja tu njo chefu wa tempo, inatuma mapigo 24 kwa kila noti ya robo, zingine zote unaziambia kloku yao inatoka nje. Ukiacha wawili wanaongoza utasikia zinaachana polepole kama waimbaji wawili wasioangaliana. Kwako chefu ni Digitakt.

Geuza piano yako uangalie nyuma. Kama kuna matundu mawili ya duara yenye pini tano, yameandikwa MIDI IN na MIDI OUT, una bahati kubwa. Kebo moja kutoka MIDI OUT ya Digitakt mpaka MIDI IN ya piano. Digitakt ina traki zingine nane za MIDI mbali na zile nane za sauti, na kila moja inaweza kutuma noti nne kwa hatua, yaani akordi nzima. Piano nyingi zenye alama ya GM (General MIDI), ile kanuni ya 1991, zinapokea chaneli 16 zote pamoja, kwa hiyo chaneli 1 inapiga organo, chaneli 2 besi, chaneli 3 zile nyuzi za kulia, wewe mikono iko huru inazima na kuwasha traki za ngoma. Halafu sauti ya piano unairudisha kwa INPUT za Digitakt, ndani kuna ukurasa wa kuchanganya sauti za nje, unaipa dilei na rivabu (mwangwi) ya Digitakt, ile organo ya bei rahisi inapata chumba kikubwa. Kwa mikseri unatoa kebo mbili tu, kushoto na kulia, au moja. Umeona? Ni synthi ya pili, ya bure, na vidole vyako vinaijua tayari.

Kama nyuma kuna tundu la USB TO HOST tu, usinunue kebo ya USB ukafikiri utaziunganisha, hazitaongea. Zote mbili zinangoja kompyuta iziongoze, ni kama wageni wawili mlangoni hakuna mwenye nyumba. Unahitaji kisanduku cha USB host katikati, kinauzwa peke yake, weka hiyo mu bajeti. Na siku utakapokuja kununua kitu chenye MIDI kwa mini-jack, ujue kuna aina A na aina B, kwa macho ni kitu kimoja lakini waya za ndani zimepindana. Tangu 2018 aina A njo iliyokubaliwa rasmi lakini Circuit ile ya kwanza kabisa bado ni B. Kukiwa kimya usifikiri imekufa, badilisha adapta kwanza. Volca utakayochukua mwakani ina MIDI IN tu, haina OUT, basi iko sawa kwa sababu wewe unataka ifuate.

Umeme. Digitakt inataka volti 12, ampe 2, chanya iko katikati ya kichwa cha chaja. Andika hiyo na bik juu ya chaja. Mashini za Volca zinataka volti 9, chanya katikati. Chaja za pedali za gitaa ni volti 9 pia lakini katikati iko hasi, usizichanganye. Mimi nilichomeka hiyo siku moja mu giza kwa mashini nyingine, delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) ilikuwa imeanza nikawa na haraka, haikuwaka tena mpaka leo. Tangu siku ile kila chaja yangu ina plasta nyekundu ama nyeupe na mtu yeyote asiguse.

Uzuri wa volti 12 ni kwamba kama nyumbani kwenu kuko na paneli na betri ya sola, huhitaji konvatisa (inverter) kabisa. Lakini usitoe waya kwa betri moja kwa moja, jua la saa sita linapochaji betri inapanda mpaka 14 na kitu. Pitisha kwa regulata ya 12 ya kweli, mwambie fundi aipime na multimeta mbele yako, mashini ikiwa bado haijachomekwa. Konvatisa za bei ya chini zinatoa umeme wenye meno meno, na meno hayo utayasikia ndani ya spika, ziiiii, hasa ukiwa umechaji kitu kwa USB pembeni. Kama unasikia hivyo chomoa USB kwanza mbele ya kulaumu kebo. Ukienda na Circuit Tracks haya yote yanapungua, ila ujue haiwezi kurekodi sampo peke yake, unazipandisha kutoka kompyuta, na wewe kompyuta huna. Njo sababu nimeiweka ya pili.

Mwezi wa kwanza usitafute kitu kingine. Tengeneza paterni moja ya kengele ya 12, kik ya 16, ngoma nne za mpigaji wenu, na organo ya piano, halafu jifunze kuicheza dakika kumi kwa kuzima na kuwasha traki tu bila kubadilisha chochote. Ukiweza kushika watu dakika kumi na hiyo, uko tayari kwa live.

Jioni ya leo geuza piano, piga picha ya nyuma unitumie. Kama ni pini tano, hata leo naweza kukuazima kebo.